M-Pesa kabla ya M-Pesa: jaribio la ng'ambo ya Juja Road

Wasomaji wangu, wengi wetu tukisimulia historia ya M-Pesa huanzia tarehe 6 Machi 2007, siku Safaricom ilipoizindua. Mimi naona tukianzia hapo tunaruka sehemu tamu kuliko zote, nayo ni ile miezi ya mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006, wakati M-Pesa ilikuwa programu ya kulipia mikopo. Ndiyo, mikopo! Sehemu ya jaribio lile ilifanyika Mathare, na kutoka Eastleigh ninapofanyia kazi, Mathare ni kuvuka Juja Road tu.

Nalileta jambo hili kwa sababu waandishi wa programu wenzangu huniuliza mara kwa mara: kabla hujaamua kujenga kitu cha biashara, unafanya utafiti wa namna gani? Wengi hukimbilia hojaji. Unaandika maswali kumi, unayasambaza kwa wenye maduka, wanakujibu "ndiyo, tutaitumia", unafungua kompyuta na kuanza kazi. Mfanyabiashara wa Eastleigh ni mtu mwenye adabu, hawezi kukuambia usoni kwamba wazo lako halimhusu. Ile "ndiyo" yake ni ukarimu, usiihesabu kama takwimu.

Kabla ya kuvuka barabara, tuanze upande huu. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wakimbizi wengi kutoka Somalia walifika Eastleigh, na baadhi wakapanga vyumba Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni ya kawaida kabisa. Watu wakawa wanaishi chumbani na kuuzia humo humo, nguo zimepangwa kitandani, mzigo mwingine uko chini ya kitanda. Baadaye vyumba vikageuzwa maduka, jengo zima likawa soko, wengine wakaiga, na leo ukishuka kwenye matatu ya namba 6 au 9 unakutana na majengo ya biashara mfululizo. Hakuna aliyeketi kuandika mpango wa biashara kama tulivyofundishwa chuoni. Lakini hebu kitazame kile chumba kwa jicho la mtafiti: kodi ndogo, mzigo mdogo, na mnunuzi anakujibu kwa pesa yake. Bidhaa ikikataa, umepoteza furushi moja. Kwangu mimi huo ni utafiti, tena mzuri kuliko hojaji nyingi nilizowahi kuona.

Jambo la pili la upande huu ni kutuma pesa. Katika miaka ya 1990 Eastleigh ilikuwa na ofisi za hawala na vituo vya redio za mawimbi, ambavyo Wasomali waliviita taar. Mtu aliweka pesa Nairobi, sauti ikaruka hadi Dadaab au Somalia, na jamaa yake akalipwa huko. Kiteknolojia, ukiniuliza, huo ni mfumo kamili: ujumbe unasafiri, noti hazisafiri, kila upande una daftari lake, na hesabu baina ya ofisi zinasawazishwa baadaye. Kwa hiyo hitaji la kutuma pesa mbali bila benki lilikuwa wazi kwa yeyote aliyepita mtaani na kutazama.

Sasa tuvuke. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliofadhiliwa na DFID, idara ya misaada ya Uingereza wakati huo, waligundua kwamba watu Uganda, Botswana na Ghana walikuwa wakitumiana muda wa maongezi kana kwamba ni pesa. Unanunua kadi ya simu mjini, unamsomea ndugu yako namba zake, naye anaiuza kijijini. Ungetegemea kwamba Vodafone ingeanzia hapo hapo. La. Nick Hughes wa Vodafone aliomba fedha za DFID kwa wazo jingine, mikopo midogo. Susie Lonie akatumwa Nairobi kusimamia kazi, programu ikaandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Commercial Bank of Africa ikaweka pesa za wateja, na Faulu Kenya ikaleta wakopaji. Faulu yenyewe ilianzia Mathare mwaka 1991, kwa hiyo ilikuwa nyumbani.

Wazo lilikuwa safi kwenye karatasi. Mwanakikundi anapokea mkopo kwa simu, na kila wiki analipa kwa simu badala ya kubeba noti hadi mkutanoni. Jaribio likaanza Oktoba 2005 katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, likiwa na mawakala wanane na wateja wasiofika 500. Rudia hizo namba, ndugu msomaji. Mawakala wanane!

Udogo huo ndio ulioliokoa. Wateja wakiwa mia kadhaa unaweza kusoma miamala yao karibu mmoja mmoja, na pale usipoelewa unaenda kumuuliza mhusika. Na walichokiona hakikuwa kwenye mchoro wa mtu yeyote. Watu walikuwa wakilipiana mikopo, huyu amlipie yule naye arudishiwe kwa njia nyingine. Wenye biashara walikuwa wakilipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya jioni kwa wakala kwa sababu benki ilikuwa imeshafunga, yaani simu imekuwa kasha la kulalia pesa. Kulikuwa na wasafiri walioweka pesa upande mmoja, tuseme Thika, na kuzitoa saa chache baadaye Nairobi, mfuko ukiwa mtupu njiani. Kulikuwa na walionunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao ushago. Na kulikuwa na mwanamke ambaye mumewe aliporwa, akamtumia nauli ya basi kwa simu ili arudi nyumbani.

Jaribu kuandika swali la hojaji ambalo lingeyaleta hayo. "Je, ungependa kutumia huduma ya mkopo kusafiri na pesa zako kutoka Thika?" Hojaji inauliza yale ambayo mwandishi wake ameshayawaza. Kumpa mtu kitu mkononi na kutazama anachokifanya nacho kunaleta yale usiyoyawaza, ilimradi uwe umetunza kumbukumbu na uwe tayari kuzisoma.

Na kuwa tayari ndiyo sehemu ngumu. Jaribio lilipoisha mwaka 2006 kulikuwa na programu iliyokwisha kulipiwa, iliyojengwa kwa ajili ya mikopo, na mshirika wa mikopo ambaye alipata taabu kuoanisha miamala ya simu na vitabu vyake. Ingekuwa rahisi kusema "turekebishe upande wa Faulu, tuendelee". Badala yake mikopo ikawekwa kando, na Machi 2007 huduma ikatoka na ujumbe mmoja mfupi, tuma pesa nyumbani. Ndani ya mwaka wa kwanza wateja walipita milioni moja. Kwa mujibu wa tafiti za FinAccess, Wakenya wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha walitoka asilimia 26.7 mwaka 2006 hadi asilimia 82.9 mwaka 2019. Si M-Pesa peke yake iliyofanya hivyo, lakini bila M-Pesa sidhani tungekuwa na namba hiyo.

Nisifiche ninachokiona kuwa kasoro. Sampuli ya jaribio ilikuwa wateja wa Faulu, watu wenye kikundi, wenye biashara ndogo, waliokwisha kukaguliwa kabla ya kukopeshwa. Sampuli haiamui tu utaona nini, inaamua pia utamwona nani. Upande huu wa Juja Road kulikuwa na maelfu ya wakimbizi waliokuwa wakituma na kupokea pesa kila mwezi, wateja ambao mwuzaji yeyote angewatamani, lakini hawakuwa kwenye vikundi vya Faulu. Huduma ilipozinduliwa ilidai kitambulisho ili kujisajili, na kwa mkimbizi asiye na kitambulisho kinachokubalika mlango ulikuwa umefungwa. Wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la rafiki au jirani Mkenya. Katika kumbukumbu za mfumo mtu huyo anaonekana kama mteja mmoja anayetuma pesa nyingi kidogo kuliko kawaida, na hakuna safu yoyote kwenye jedwali inayosema kwamba pale kuna watu wawili.