Wudang, mlima ulioamriwa usiguswe

Mwaka 1402 Zhu Di alimpindua mtoto wa kaka yake akatwaa kiti cha enzi cha China, akaitwa mfalme Yongle. Ushindi huo aliuhesabu kuwa msaada wa Zhenwu, mungu shujaa wa upande wa kaskazini, naye akalilipa deni kwenye milima ya Wudang, mkoani Hubei, ambako Watao, wafuasi wa dini ya Tao, huamini Zhenwu alijitenga na dunia hadi akapaa mbinguni.

Ujenzi ulianza 1412. Askari na mafundi wanaokadiriwa kupita 200,000 walipandisha mawe, mbao na vigae, huku wenzao wakijenga kasri la Beijing na merikebu za amiri wake Zheng He zikikata Bahari ya Hindi. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme huyohuyo.

Mwaka uliofuata Jumba la Dhahabu lilisimamishwa kileleni, mita 1,612 juu ya usawa wa bahari. Ukilitazama utadhani ni la mbao. Lakini nguzo, maboriti, vigae, hata wanyama wadogo waliojipanga kwenye kingo za paa, vyote ni shaba iliyopakwa dhahabu. Vipande vilisubiwa Beijing, vikasafirishwa kwa mifereji na mito, vikaunganishwa juu ya jabali. Ndani ameketi Zhenwu, nywele ameziachia, miguu mitupu.

Hata hivyo, fahari kubwa ya Wudang ni amri ya 1419. Ukuta wa kuzunguka kilele ulipotakiwa kujengwa, Yongle aliagiza ufuate umbo la ardhi na mlima wenyewe usichongwe hata kidogo. Ndiyo maana ukuta ule unajipinda kila jabali linapojipinda.

Huko Nanyan, kwenye milima hiyohiyo, hekalu limebanwa kwenye genge, na joka la mawe limechomoza karibu mita tatu juu ya korongo, chetezo kichwani. Mahujaji walikuwa wakitambaa mgongoni mwake kwenda kufukiza ubani. Wengi walianguka wakafa, hadi mwaka 1673, enzi ya mfalme Kangxi, desturi hiyo ilipopigwa marufuku.

Chini ya mlima, maji yalikuja na amri yake. Katika miaka ya 1960 bwawa la Danjiangkou lilimeza hekalu la Jingle. Bwawa lilipoongezwa kimo ili lipeleke maji Beijing, malango ya hekalu la Yuzhen yalikuwa hatarini kuzama. Kati ya 2012 na 2013 mafundi waliyainua wima kwa jeki, yakiwa mazima, mita 15.