Wimbo Ule Ule, Mwenyewe Hatajwi

Mwaka 2016, msimu wa kuuza vitunguu, nilialikwa arusini Malolo, huku kwetu Kilosa. Jenereta likanguruma, spika zikapangwa chini ya mwembe, na kijana mpiga muziki akaweka "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny. Vumbi likatimka. Bibi mmoja aliyekuwa akicheza karibu yangu akamsogelea yule kijana.

"Mjukuu wangu, huu si wimbo wa yule binti wa Bukoba?"

"Hapana, bibi. Huu ni wa Diamond, umetoka juzi tu."

Bibi akanigeukia mimi, mtu wa redio, niwaamue. Naye alikuwa na haki. Saida Karoli aliutoa wimbo wake mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa Kihaya na kwa ngoma za kwao Kagera, na hapa Malolo watu waliuimba kutoka kwenye kanda ingawa Kihaya hawakijui. Vijana wakachukua kiini chake, wakaongeza maneno yao na midundo ya kompyuta, nchi nzima ikacheza upya.

Aibu ilikuwa yangu. Juma lile lile nilikuwa nimeupiga wimbo huo redioni mara mbili, nikawataja wale vijana wawili, kisha nikasoma matangazo ya vifo. Saida sikumtaja.

Msidhani nawalaumu waliogeuza. Sisi wa Mkoa wa Morogoro ndio wa mwisho kulaumu. Mwaka 1948 Salum Abdallah alipoanzisha bendi yake mjini Morogoro aliiita La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania uliotungwa karne ya 19 na Sebastián Yradier. Baadaye bendi hiyo ikawa Cuban Marimba. Masikio ya vijana wa wakati ule yalilelewa na santuri za Kuba zenye alama ya GV, ambazo kampuni ya His Master's Voice iliziuza Afrika tangu miaka ya 1930. Muziki ule ulibeba ngoma za Waafrika waliopelekwa Kuba utumwani. Ukarudi kwetu kwa meli, ukavalishwa Kiswahili. Salum aliazima mwendo, lakini maneno na visa alivitunga mwenyewe, na kwa jina la bendi alikwisha kusema alikoazima.

Tena bendi zetu hazikungoja kompyuta ili zipate toleo la kuchezea. Lilikuwa ndani ya wimbo wenyewe! Msikilize Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wimbo unaanza taratibu, kisa kinasimuliwa, watu wameshikana wanasikiliza. Kisha mwimbaji ananyamaza, magitaa yanashika moto. Hiyo ndiyo chemko. Mwenye hamu ya kuruka alisubiri zamu yake, na akifika hapo alikwisha kujua nani kamwacha nani na kwa nini. Matoleo mengi ya siku hizi yanakata kisa na kubakiza chemko tupu, na mimi, kwa kweli, hapo ndipo ninapoona hasara.

Mbali na kwetu mambo yamekuwa hayo hayo. Boney M, kundi la disko la Ujerumani, lilirekodi "Malaika" mwaka 1981, wimbo ambao mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga. Mwaka 1983 likaichukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa, iliyotoka mwaka mmoja tu kabla. Na mwaka 1991 Saleh Jabir wa Dar es Salaam akatia maneno ya Kiswahili juu ya "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice, Mmarekani ambaye naye mdundo wake ulitoka kwa Queen na David Bowie. Nilikuwa mtoto, tulidhani mdundo ule umetengenezwa Kariakoo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake igeuzwe. Watu wengi wanaijua hiyo kwa sababu ina fedha. Wachache wanajua kwamba inampa pia haki ya kutajwa jina. Hiyo ya pili haihitaji mwanasheria wala risiti. Inahitaji mtangazaji afungue kinywa kwa sekunde tatu.

Pale arusini nilimwambia kijana kwamba bibi kasema kweli. Akashika kipaza sauti, akatangaza, "Wimbo wa Saida Karoli, umerudiwa na Diamond na Rayvanny!" Bibi akapiga kigelegele kuliko alichompigia bibi arusi.

Juma lililofuata nikaupiga redioni wa Saida kwanza, halafu ule mpya, na majina yote matatu. Simu ya kwanza ilitoka kwa kijana wa Mikumi. Alitaka kujua kwa nini nimeanza na ule wa polepole.