Daftari la Duka: Njia Moja ya Kujua Ukoo katika Kindu

Mara nyingi tunawasikia wakristu wa Kindu wakisema ya kwamba habari za ukoo zilikufa pamoja na wazee. Neno hilo si kweli yote. Wazee wamekwenda, lakini vitu walivyoshika mikononi vimebaki, na kati ya vitu hivyo duka linasema wazi kuliko vingine. Mchuruzi alilazimishwa na kazi yake kuandika: nani amechukua, kiasi gani, ametoka kijiji gani, atalipa lini. Wimbo wa sifa unaweza kumpa mtu baba asiye wake. Daftari la madeni halina faida ya kufanya hivyo.

Tukumbuke kwanza namna uchuruzi ulivyofika kwetu. Zamani soko kubwa la Lualaba lilikuwa Nyangwe. Livingstone alifika pale mwaka wa 1871, akaona wanawake wengi sana wakivuka mto na vyungu, samaki, chumvi na mafuta ya mawese. Tarehe 15 Julai ya mwaka ule akaona vilevile watu wenye bunduki wakiwaua wanawake hao sokoni kwa mamia. Nyangwe ikaanguka mwaka wa 1893, katika vita ya Leta ya mfalme Leopold na Waarabu. Nyuma ya hapo njia ya mali ikageuka. Mwaka wa 1906 reli ya kutoka Stanleyville hata Ponthierville, kilometa 125, ikamalizika. Toka Ponthierville masua zikapanda mpaka Kindu. Na mwaka wa 1911 reli ya Kindu na Kongolo ikafunguliwa. Basi mizigo yote, ya kupanda na ya kushuka, ilibadilisha chombo katika Kindu. Penye mizigo pana wapagazi na wafanyakazi wa reli, na penye mshahara wa mwisho wa mwezi pana mtu wa kukopesha chumvi katikati ya mwezi.

Nkambo wa baba yetu alikuwa mmoja wa watu hao. Duka lake lilikuwa kwenye pembe ya njia mbili katika sité, chumba kimoja chenye dirisha la mbao. Aliuza chumvi, sabuni, viberiti, petroli ya taa, samaki wakavu, na amerikani kwa mkono. Jamaa yetu wamesema siku zote ya kwamba alikuwa mwana wa Mwarabu wa Unguja, na kwa neno hilo walijivuna.

Daftari lake liliokoka vita ya mwaka wa 1964. Waasi wa Simba walipoingia Kindu mwezi wa Julai, binti yake alikimbilia porini na daftari ndani ya kanga, pamoja na sufuria. Wakati waliporudi, nyuma ya Novemba, nusu ya karatasi zilikuwa zimekwisha kuvutwa na tumbaku. Hatuwalaumu, porini karatasi ni karatasi.

Kurasa za kwanza zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea Waungwana wa Maniema tangu wakati wa misafara. Seminari ilitufundisha Kilatini na Kigereki kidogo, lakini herufi hizo hatukuzijua. Tukaenda kwa mwalimu wa msikiti, mzee mwenye subira, akatusomea mstari kwa mstari. Kurasa za nyuma ni za herufi za misioni, nzuri na za mviringo: mtoto alikuwa ameingia masomo, na baba akamwachia kalamu.

Mwalimu ndiye aliyeona jambo la ajabu. Kila mdeni ana bei mbele ya jina lake, na mstari wa kufuta akilipa. Lakini mara moja kila mwaka, kipindi cha kiangazi, kuna mfuko wa chumvi na mikono minane ya nguo vilivyopelekwa kijiji kimoja cha Walega kando ya mto Elila, pasipo bei na pasipo mstari. Pembeni kuna maneno mawili tu: «ya mama».

Hapo tukafungua kitabu cha ubatizo. Nkambo alibatizwa katika hatari ya kufa, na padri aliandika kwa haraka, lakini jina la mama aliliandika, nalo ni jina la Kilega. Mafrateri wanaocheka kanuni za vitabu vya parokia wafikiri kidogo: kanuni ya 535 inapoamuru kutunza hata vitabu vya zamani, haitunzi karatasi tu. Bila mstari ule mmoja chumvi ingebaki fumbo.

Kule Elila wazee walitutajia jina lile lile pasipo sisi kulisema kwanza. Ni mwanamke aliyechukuliwa na msafara akiwa kijana, akarudi mzee. Basi ukoo wetu hauna Unguja ndani yake kama tulivyosimuliwa. Una mtumwa mwanamke, na mwana aliyejua mama yake ni nani na hakusema, ila kwa chumvi. Majina kama Ramazani, Saidi na Salumu yamejaa Kindu, na watu wengi waliyapata katika kufuata misafara, si katika damu. Tena mwaka wa 1972 Leta ya Mobutu iliwakataza watu majina ya kikristu, wengine wakabadilisha karatasi zote. Hivyo mtu mmoja aweza kuwa na majina matatu katika vitabu vitatu. Katekista anayeuliza habari za wachumba aulize na majina ya kale.

Baba yetu mdogo amekataa kabisa habari hii. Anasema tumeaibisha nyumba. Sisi tunaona aibu ni ya wale waliomfunga yule binti, lakini hatumlazimishi, maana yeye ndiye aliyelitunza daftari miaka mingi, na ndiye aliyetupatia.

Kurasa sita bado hazijasomwa. Mvua iliziharibu, na mwalimu ametuomba tumrudishie daftari wakati wa kiangazi, mwangaza ukiwa mzuri.