Sayyid Said Akiwa Baba: Mazoea ya Siku ya Nyumba ya Mtoni



Sayyid Said bin Sultan tumemsoma sote skuli. Ndiye aliyehamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja, na zama zake karafuu zikaenea visiwani. Leo hatumzungumzii mfalme, tunamzungumzia baba: alikula vipi, alitembea vipi, kazini alikuwaje, na watoto wake walijifunza nini kwa kumtazama tu.

Haya tunayajua kwa sababu binti yake mmoja aliyaandika. Sayyida Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani na akabadili dini, jambo lililowaumiza sana ndugu zake. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani. Ni nadra kumpata mtoto wa kike wa zama zile aliyeeleza maisha ya ndani kwa babake namna ile, kwa hiyo tunamsikiliza.

Kwanza, kutembea. Kasri la Mtoni lilikuwa pwani, nje kidogo ya mji upande wa kaskazini, na magofu yake yapo mpaka leo. Mbele yake palikuwa na roshani kubwa ya mviringo iliyoelekea baharini. Salme anasema babake alikuwa akitembea pale huku na huku kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha, akiwaza mambo yake. Na alikuwa akichechemea, kwa sababu alipigwa risasi ya paja vitani. Mtu mwenye mguu mbovu na watumishi kila pembe angeweza kukaa kitako siku nzima na asilaumiwe na mtu. Yeye alitembea.

Pili, chakula. Siku ilianza na Sala ya Alfajiri, kisha mambo yakaenda kwa wakati. Milo mikubwa ilikuwa miwili, wa saa tatu asubuhi na wa saa kumi jioni, na katikati watu walipata matunda na kahawa. Sayyid alikula pamoja na watoto wake, wakipangwa kwa umri. Hapakuwa na makelele. Watu walikula kwa utulivu, na mtoto alizungumza baba akimsemesha. Kwa hesabu ya Salme, babake alipofariki watoto waliokuwa hai walikuwa 36, na bado alijua Salme anapenda kula nini. Alimtania kuwa ni kikongwe, kwa sababu alipenda uji wa maziwa uliopoa kama wazee wasio na meno. Wangapi kati ya waume zetu wenye watoto watatu wanajua hilo?

Tatu, kazi. Kila siku alikuwa na baraza, watu wakimletea haja na mashauri, na watoto wake wakubwa wa kiume walitakiwa kuhudhuria. Hivyo walimwona baba akiwa kazini, akisikiliza na kukata shauri. Kazi ilikuwa na saa zake, na Sala na chakula vilikuwa na saa zake. Tena watoto, wa kiume na wa kike, walifundishwa kupanda wanyama tangu wadogo. Mwili kutumika ilikuwa sehemu ya malezi.

Lakini, dada zetu, haitakuwa haki kuisifu nyumba ile bila kusema ilisimama juu ya nini. Maji ya kuoga, chakula, wanyama, usafi, vyote vilikuwa mikononi mwa watumwa. Karafuu pia zilichumwa na watumwa. Mtu aliyebeba mzigo tangu asubuhi mpaka magharibi naye alitembea sana, ila yeye hakuchagua, na hakuna aliyemuuliza kama ameshiba. Hata Jilfidan, mama yake Salme, suria aliyeletwa akiwa mtoto kutoka nchi ya Circassia, hakuwa na nafasi penye chakula cha Sayyid. Mtoto alikaa na babake, mama yake akala kwengine. Baba alikuwa na mazoea mazuri, lakini raha yake ilibebwa na migongo ya wengine.

Ndiyo maana kipimo chetu cha baba bora si mfalme. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Imepokewa pia kuwa alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Sisi tunaokula kwa sindano na cherehani, hilo linatugusa. Na ndiye aliyetufundisha kuwa anayetaka kujaza tumbo basi aache theluthi kwa chakula, theluthi kwa kinywaji na theluthi kwa pumzi. Mazoea ya afya kwa Muislamu yanaanzia hapo: unakula kiasi, na humgeuzi mwenzio kuwa punda wako.

Nje ya kasri, mababa wa kawaida wa Unguja na Pemba nao walikuwa na siku yao. Mvuvi alisukuma ngalawa yake majini kabla jua halijatoka. Mkulima alikwenda kondeni kwa miguu, jembe begani, na jioni akarudi na muhogo na mboga za kuliwa na samaki. Hakuna aliyeita mazoezi. Lakini tusidanganyane kuwa zamani watu hawakuugua. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja na kikaua watu wengi mno. Baba angeweza kutembea na kula vizuri, lakini maji machafu yakamtoa duniani yeye na wanawe.

Hapa anakuja mtoto mwengine wa nyumba ileile, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Yeye alileta maji safi mjini kwa mabomba kutoka chemchemi ya nje ya mji, na akajenga hamamu ya watu wote pale tunapopaita Hamamni. Jengo lipo na wageni wanalitembelea. Tunamtaja kwa sababu anatukumbusha kuwa afya ya nyumba haiishii mlangoni. Baba anayesafisha kisima, anayefunika tangi la maji na kuzibua mtaro wa mtaa, anailinda familia yake sawa na anayepunguza sukari.

Sasa tuje kwetu. Sisi mafundi wa nguo tunawaona mababa kwa njia yetu, kwa futi ya kupimia. Mzee anakuja kupimwa kanzu ya nikaha ya binti wa kwanza. Baada ya miaka michache anarudi kwa ajili ya binti wa pili, na kiuno hakipo pale tulipokiacha. Asubuhi ni chapati na chai ya sukari nyingi, kutwa amekaa dukani, msikitini hatua mia mbili anakwenda kwa vespa. Wengine wanatuambia wenyewe, presha imepanda, sukari imepanda. Wengine harusi ya binti wa tatu hawaioni, Allah awarehemu.

Kwa hiyo, wewe unayeposwa, pamoja na dini, kazi na mahari, ulizia mazoea. Mwambie kaka au baba aulize kwa upole. Alfajiri anaamka? Anatembea? Anavuta sigara? Akirudi kazini anakula na watu wa nyumbani, au chakula kinamfuata baraza ya bao? Mamake akiumwa, anashika ufagio? Na wewe ulie tayari ndoani, usimgombeze. Punguza mafuta jikoni, mwombe mwende pamoja kwa miguu baada ya Isha, mwambie watoto wanamtazama.

Maana wanamtazama kweli. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Maskati, na Salme alikuwa na miaka 12. Kitabu chake kilitoka miaka 30 baadaye, yuko mbali na Unguja, na bado aliweza kueleza babake alivyokuwa akienda na kurudi pale roshanini, mguu ukichechemea.

Allah awape mababa zetu na waume zetu afya njema na umri wenye kheri, na atujaalie nyumba zenye huruma. Amin. Wabillahi tawfiq.