Plastiki Ilivua Papa Kabla Yetu

Wasee, tuache kucheka mtu mwenye rili ya plastiki. Karne ya 19, mafundi wa Nottingham, Uingereza, walichonga rili za mbao. Zikilowa, zinavimba na kukwama. Za shaba zilikuwepo, lakini nzito balaa. Halafu angalia Penn Senator ya Marekani, 1936: rili ya kuvulia samaki wakubwa baharini, na pande zake ni bakelaiti. Hiyo si plastiki? Alumini ilitamba na Penn International, 1966, tena ikiwa imekingwa, maana chumvi huila. Fremu za grafaiti za leo haziliwi na chumvi. Shida ni moja tu, samaki mzito akivuta fremu hupinda na gia zinasagana vibaya. Nikivua changu natumia grafaiti. Jodari? Hapo naazima alumini ya anko.