Ndege ya 1959, na daftari la mama

Najua nimepotea, mitihani ya katikati ya muhula ilinibana mpaka nikasahau kama kuna watu wanasoma humu. Nimemaliza Ijumaa. Kuna baridi ya kufa mtu na theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, kwa hiyo leo sitoki nje ng'o, naandika.

Kilichonifanya niandike ni mabishano ya mezani. Juzi tulikuwa tunakula, mwenzangu mmoja wa hapa bwenini, mtu wa hapahapa Marekani, akaniambia: "Si ninyi watu wa Afrika Mashariki mlikuja na ndege ya Kennedy, kama baba yake Obama?" Wote wakatikisa kichwa, maana hiyo hadithi kila mtu ameisikia. Nikamwambia hapana, haikuwa hivyo. Akaniuliza, basi ilikuwaje? Nikagugumia. Nikaona aibu, nikaenda maktaba. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Tuanze na kwa nini watu walikuwa wanaondoka. Miaka ya hamsini, Afrika Mashariki nzima ilikuwa na Makerere tu kama unataka shahada, na yenyewe ilikuwa ikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Nairobi kulikuwa na chuo cha ufundi kilichofunguliwa 1956. Dar es Salaam hakukuwa na chuo kikuu mpaka Oktoba 1961. Sasa fikiria Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar wote wanagombania mlango mmoja. Wachache walipelekwa Uingereza na serikali ya kikoloni. Mwalimu Nyerere ni mmoja wao: aliondoka 1949 akiwa na miaka 27, ameshafundisha Tabora, akaenda Edinburgh na kurudi 1952 na shahada yake ya M.A. Lakini huyo ni mmoja mmoja. Nchi haziwezi kujitawala kwa watu wa kuhesabu kwa vidole.

Hapo ndipo anapoingia Tom Mboya. Mwaka 1959 alikuwa na miaka 28, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Akaja Marekani, akazunguka akihutubia, na kila alipopita aliomba nafasi za masomo. Vyuo vingi, hasa vidogo, vikakubali. Kumbe kazi ilikuwa bado. Mtu unayo barua ya chuo mkononi, karo imesamehewa, lakini nauli ya kufika huna! Tiketi ya ndege wakati ule kwa mzazi wa kijijini ilikuwa kitu cha kusikia tu. Watu wakauza mifugo, vijiji vikachanga, wengine wakaandaa chai za mchango, na bado haikutosha.

Mboya na rafiki yake mfanyabiashara wa Kimarekani, William Scheinman, wakaanzisha mfuko wa kusaidia wanafunzi wa Kiafrika. Wakaona badala ya kumnunulia kila mtu tiketi yake, bora wakodi ndege nzima. Barua ya kuomba michango ikatoka na majina matatu makubwa: Harry Belafonte mwimbaji, Sidney Poitier mwigizaji na Jackie Robinson, yule mchezaji besiboli mweusi aliyevunja ubaguzi kwenye ligi kuu mwaka 1947. Watu wa kawaida wakatuma pesa. Septemba 1959 ndege ikaruka kutoka Nairobi na wanafunzi 81.

Umeona Kennedy hapo? Hayupo. Aliingia mwaka uliofuata. Julai 1960 Mboya alimfuata nyumbani kwake Hyannis Port, wakati huo akiwa seneta anayegombea urais, na mfuko wa familia yao ukatoa dola 100,000. Kwa pesa hizo ndege za 1960 zikabeba wanafunzi zaidi ya 200. Mpaka mpango unaisha 1963 walikuwa wamevuka karibu 800, wengi Wakenya, lakini pia watu wa Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini kwetu.

Na baba yake Obama? Naye alikuja 1959, lakini hakupanda ile ndege. Alienda kivyake mpaka Hawaii, kwa msaada wa akina mama wawili wa Kimarekani waliomfahamu Nairobi. Hata Obama mwenyewe alichanganya, mwaka 2007 akihutubia Selma aliihusisha familia ya Kennedy na safari ya baba yake, na baadaye watu wake wa kampeni wakakiri kwamba tarehe hazilingani. Kwa hiyo mwenzangu wa mezani ana wa kumlaumu, siyo kosa lake peke yake.

Sasa aliyenikamata hasa ni Wangari Maathai. Aliondoka Septemba 1960, ana miaka 20, ametoka shule ya Loreto Limuru. Ndege ilikuwa inatua na kuruka, inatua na kuruka, mpaka New York. Hapo ndipo alipopanda lifti kwa mara ya kwanza. Kutoka New York yeye na msichana mwenzake Mkenya wakapanda basi kwenda Atchison, Kansas, kwenye chuo cha wasichana cha masista Wabenedikti. Njiani, Indiana, waliingia mgahawani kununua soda, wakaambiwa wakanywee nje. Walikuwa wametoka kwenye nchi ya mkoloni wakidhani wanakokwenda ni kwingine.

Nimekaa na hicho kipande muda mrefu. Mimi nilikuja peke yangu na masanduku mawili, na wiki ya kwanza nililia kwa sababu sikujua kutumia mashine ya kufulia. Lakini jioni ile ile niliongea na mama kwa simu. Huyu binti alikaa miaka zaidi ya mitano bila kurudi nyumbani, na habari za nyumbani alizipata kwa barua. Nchi yake ilipata uhuru Desemba 1963 yeye akiwa Kansas.

Alimaliza biolojia 1964, akapata shahada ya pili Pittsburgh, akarudi Nairobi mapema 1966 na barua ya kazi mkononi, kazi ya utafiti katika chuo kikuu kishiriki cha pale. Alipokwenda kuripoti akaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Yaani umesoma miaka yote hiyo, umeacha kila kitu ukarudi, unafungiwa mlango kwenu! Angeweza kugeuza. Hakugeuza. Alipata kazi idara ya anatomia ya mifugo, akapata udaktari wake palepale Nairobi 1971, akaanzisha Green Belt Movement 1977, na 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Nobeli ya Amani. Alifariki 2011. Mboya hakuyaona hayo. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38 tu.

Nisiwapambe sana. Kuna waliobaki Marekani, na serikali ya kikoloni ilikuwa inadharau vyuo vya huku kwamba ni vya chini. Tena siyo wote walikwenda magharibi. Oginga Odinga alikuwa anapeleka vijana upande wa Urusi na nchi za kikomunisti, na Moscow wakafungua chuo 1960 kwa ajili ya watu kama sisi. Kila mkubwa alikuwa anatuvuta upande wake. Lakini kijana aliyepanda ndege alikuwa anafikiria zaidi ni nani aliyemchangia nauli.

Hapa ndipo panaponiuma. Mama ana daftari. Lile la kurasa 96, jalada limechakaa. Humo ameandika kila aliyetoa pesa nilipokuwa naondoka: baba mkubwa, shangazi, majirani, fundi cherehani wa barabarani kwetu shilingi elfu tano. Jumapili iliyopita mjomba aliichukua simu kwa mama akaniuliza, "Mwanangu, utarudi lini?" Nikamjibu tu kwamba masomo ni magumu. Akacheka, akasema Mungu akutangulie. Hakuuliza tena.

Ukweli ni kwamba mwalimu wangu mmoja ameniambia kuna nafasi ya kuendelea hapahapa nikimaliza, na sijamwambia mtu nyumbani. Wala sijaamua. Mtu akiniambia "rudi ujenge nchi" namkumbuka Wangari mlangoni na barua yake mkononi. Mtu akiniambia "baki" naliona lile daftari.

Kesho nitampigia mjomba, nimwambie ukweli wote, maana elfu tano ya yule fundi ilikuwa nusu ya nguo ya mtu.

Haya, baridi imenizidi, naenda kuchemsha maji ya chai. Mliochangiwa nauli kama mimi, niambieni mlijibu nini mlipoulizwa mtarudi lini.