Boksi la Kanda Juu ya Kabati



Mwajua desturi ya nyumba zetu za Mombasa. Shaabani ikiingia, mapazia hushushwa, mazulia huanikwa, na kila kilicho juu ya makabati huteremshwa kifutwe vumbi kabla ya mwezi mtukufu. Ilikuwa katika kazi hiyo, miaka miwili iliyopita, mimi nikiwa nimerudi likizo kutoka chuoni, nilipoteremsha boksi la viatu lililofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kanda 31. Nyengine zina karatasi nzuri ya dukani yenye picha ya mwimbaji. Nyengine zimeandikwa kwa kalamu ya Bic tu: "Harusi, usiku wa pili". Na moja, kwa herufi kubwa nyekundu: "USIFUTE".

Nikamuuliza mama kama nizitupe. Hakunijibu. Alinitazama tu, na kwa mtazamo ule nikajua kuwa likizo yangu imeshapata kazi.

Najua wako watakaosema, mbona kanda za nyimbo katika jarida la Ramadhani? Ustadh wangu wa madrasa huenda akawa wa kwanza. Suala la hukumu ya muziki nawaachia wenye elimu yake, mimi si mtu wa kulisemea. Lakini boksi lenyewe halikujali mipaka yetu. Juzuu za Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye usomaji wake wa murattal wa Qur'ani nzima ulitolewa kwenye santuri mwaka 1961, zilikuwa zimelala ubavuni mwa Juma Bhalo. Kasida za maulidi zilikuwa upande A, na upande B taarab. Ndivyo walivyoishi wazee wetu, na mwanafunzi wa historia hafai kuwapangia upya kabati lao.

Basi tuanze nyuma kidogo. Kabla ya kanda kulikuwa na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodiwa, na sahani zake zikasikika pwani nzima. Sahani za wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu hivi. Wimbo ambao kwenye harusi ungeimbwa mpaka watu watosheke, studio ilibidi ufupishwe uingie humo. Baadaye hapa Mombasa duka la Assanand likawa likitoa santuri zake kwa nembo ya Mzuri, na waimbaji wetu hawakuhitaji tena kuvuka bahari. Lakini santuri, iwe ya Bombay au ya Mombasa, ilikuwa na kasoro moja: mwenye nyumba aweza kuisikiliza tu. Hawezi kutia sauti yake mwenyewe humo.

Kanda ikayageuza hayo. Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963. Aliyeongoza kazi hiyo, mhandisi Mholanzi aitwaye Lou Ottens, inasimuliwa kuwa alichonga kipande cha mti kinachoenea katika mfuko wa koti lake, akawaambia wenzake kifaa kisizidi hapo. (Alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 94.) Philips waliruhusu viwanda vyengine vitengeneze kaseti hizo bila kulipia, ndiyo maana kaseti ya Japani ikaingia kwenye redio ya Ujerumani bila tabu, na zote mbili zikafika Mombasa.

Kilichokuja nayo ni kitufe chekundu. Mwenye redio kaseti na betri alikuwa na studio yake. Watu walirekodi nyimbo kutoka Sauti ya Kenya, idhaa ambayo mwaka 1989 ilirudia jina la KBC. Waliorudi Saudia na Oman walirudi na redio kubwa za spika mbili, na waliobaki huko walituma kanda badala ya barua, salamu upande mmoja na majibu ya kesi za shamba upande wa pili. Na kwenye harusi, mama anasimulia, haikosi mtu aliweka redio yake karibu na spika, akabonyeza, akaenda zake kula biriani.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Taarab ya Mombasa makao yake yalikuwa harusini. Juma Bhalo na mahadhi yake ya filamu za Kihindi, Zein l'Abdin wa Lamu na udi wake, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma, hawa watu waliwajua kwa usiku wa harusi kwanza, na kanda ikafuata. Maduka nayo yakaingia. Mbwana Radio Service ya Mombasa ilisifika kwa kanda za taarab, na wengi wetu wazazi wetu walinunua hapo. Hata wageni walikuja kutafuta: mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa "Mtindo wa Mombasa" ya Zein Musical Party, iliyorekodiwa hapa hapa mwaka mmoja kabla. Kwa hivyo nyimbo za wakubwa hawa, kwa kiasi fulani, zimeokoka. Ukizitafuta kwenye intaneti leo utapata nyingi.

Ile ya "Harusi, usiku wa pili" hutaipata popote. Iko kwenye boksi lako au haiko.

Nami hilo sikulijua. Nilidhani kazi ni kuokoa nyimbo.

Nilinunua redio kaseti ya mtumba, maana ya nyumbani ilikuwa imekufa zamani. Hata Sony, waliouza Walkman ya kwanza mwaka 1979, waliacha kutengeneza zile za kanda huko Japani mwaka 2010, kwa hivyo usitegemee kupata mpya ya maana. Fundi wa redio akanibadilishia mpira wa ndani unaozungusha, akanionyesha kusafisha kile kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti mpaka pamba itoke nyeupe. Ya kwanza ilitoka rangi ya chai. Halafu waya mmoja, kutoka tundu la spika za masikioni kwenda tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Kompyuta nyingi za siku hizi tundu hilo hazina, au lipo la maikrofoni tu ambalo sauti ya redio huikwaruza. Kuna kifaa kidogo cha USB cha kazi hiyo, na hakina bei kubwa. Programu niliyotumia ni Audacity, ambayo ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2000. Waibonyeza irekodi, wawasha kanda, kisha wangoja. Kanda ya saa moja huchukua saa moja. Hakuna njia ya mkato hapo, na kwa kijana aliyezoea kupakua albamu nzima kwa dakika mbili, yataka subira.

Pia kanda yenyewe yataka adabu. Mkanda wa ndani una upana usiofika milimita 4, na ule wa C-60 una urefu wa karibu mita 90. Wa C-90 ni mwembamba zaidi, na wa C-120 ni mwembamba kabisa, huliwa na redio kwa urahisi. Kanda iliyolala miaka hushikana, kwa hivyo kwanza ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe ndipo uicheze. Kile kisponji kidogo cha katikati kikianguka, sauti hufifia mpaka udhani kanda imekufa. Kumbe yataka tu kufungua skurubu na kuuhamishia mkanda kwenye kasha la kanda nyengine nzima. Haya yote niliyajua baada, si kabla.

Kanda ya "USIFUTE" ilikuwa harusi ya khalati yangu, mwaka 1987. Niliirekodi vizuri tu, saa nzima. Kisha nikafanya ujanja. Nikatumia kile kifaa cha kuondoa ule mvumo wa shhh, nikakivuta mpaka mwisho, sauti ikawa safi lakini ganuni ikalia kama iko chini ya maji. Nikakata kila kisicho wimbo: watu wakiitana, viti vikiburutwa, vigelegele, mtangazaji akiwataja waliokuja kutunza, mtoto akilia. Zikabaki nyimbo saba, kila moja na faili lake. Nikazihifadhi kwa MP3, faili lile kubwa la WAV nikalifuta, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa. Hesabu yenyewe ni kuwa sauti isiyobanwa, ya kiwango cha CD, yala kama megabaiti 10 kwa dakika, yaani 600 na zaidi kwa kanda ya saa moja. MP3 ya kawaida yala kama megabaiti 1 kwa dakika. MP3, jina ambalo wataalamu wa Kijerumani waliliweka kwenye mafaili hayo mwaka 1995, hupunguza hivyo kwa kutupa sauti ambazo sikio halitazikosa. Mimi nikaongeza kutupa kwa mikono yangu zile ambazo sikio la mama lingezikosa.

Usiku ule baada ya taraweh nikamuwekea. Wimbo wa kwanza akatikisa kichwa. Wa pili akataja jina la mpiga fidla. Wa tatu ulipokwisha akanyanyua kidole kuninyamazisha, na mara ukaanza wa nne. Akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akauliza, "Na mama yuko wapi?"

Bibi yangu, mzaa mama, alifariki kabla sijazaliwa. Hakupenda picha. Baina ya wimbo wa tatu na wa nne, usiku ule wa 1987, maikrofoni ilimfikia akasema maneno, na hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Ndiyo maana ya ile "USIFUTE". Mama alikuwa amevunja hata vile vijino viwili vya juu ya kanda, ili redio ikatae kurekodi juu yake. Alijihami na redio, hakujihami na mwanawe.

Nikakimbilia kanda yenyewe. Ile redio ya mtumba, iliyokwenda salama saa nzima, safari hii ikaila. Nilipoutoa mkanda ulikuwa umekunjika kama ukili, na mahali pamoja umekatika. Fundi aliuunga. Nyimbo zilirudi, lakini pale penye maungio pana mruko, na mruko ndio ule ule niliokuwa nikiutafuta. Siku zile zilizobakia za Ramadhani mama hakunisema hata neno. Angenisema ingekuwa nafuu.

Nimesoma baadaye kuwa makosa yangu si ya kipekee. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na jumuiya ya hifadhi za sauti duniani, IASA, walitoa tahadhari kuwa kufikia 2025 hivi kusoma kanda za sumaku kutakuwa kugumu mno, si kwa sababu kanda zote zitaoza, bali mashine na mafundi watakwisha. Na IASA hao hao wanaagiza kwamba nakala ya kwanza iwe kamili, isibanwe, isisafishwe, pamoja na kelele zake zote. Ukitaka kupamba, pamba nakala ya pili. Na kanda ukishaihamisha usiitupe. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha.

Kilichotuokoa ni tabia ambayo wenye maduka ya kanda pengine hawakuipenda: kukopiana. Kanda nzuri haikukaa nyumba moja. Redio mbili, waya mmoja, na jirani ana yake. Kila nakala huzidi kuvuma kuliko iliyotangulia, ya tatu au ya nne huwa kama unasikilizia mvuani, lakini ipo. Mama akaanza kupiga simu. Malindi hapana. Mtwapa walikuwa nayo, wakaitupa walipohama. Lamu kulikuwa na binamu yake mmoja mwenye kopo la biskuti ambalo hajalifungua miaka.

Nilikwenda mwenyewe. Sikuthubutu kuipandisha basi na mtu mwengine. Niliisafisha redio mara mbili, nikarekodi kwa WAV tangu kitufe kinapobonyezwa mpaka mkanda unapokoma, sikugusa kitu. Nikaweka kwenye diski mbili, moja nikamwachia binamu.

Mama aliisikiliza kwa spika za masikioni, ili asikose. Mvumo ni mkubwa. Wimbo wa tatu unakwisha, vigelegele, kiti kinaburutwa, kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, iko mbali lakini yasikika. Miaka yote mama alikuwa akitusimulia kuwa bibi aliwaombea dua maharusi. Kumbe alikuwa anauliza nani ameondoka na ufunguo wa stoo ya mchele.

Akaniambia niirudishe tena.